Mtoto akikesha, usikimbilie uji

KILA mwanamke aliyewahi kulea anaijua saa nane ya usiku. Mji wa Machakos umenyamaza, matatu za mwisho kutoka Nairobi zimekwisha kushusha abiria, mbwa wa jirani amechoka kubweka, na baridi ya vilima vya Iveti imeingia hadi chini ya mlango. Hapo ndipo kitoto kinapoanza kujinyonganyonga ndani ya shuka, kwanza kwa mguno, kisha kwa kilio kinachopenya ukuta. Mama ambaye amelala kwa muda wa saa moja na nusu tu anaketi na kumtia titi kinywani. Saa kumi mambo ni yale yale. Majogoo yanapowika, mtoto ameshiba, ameridhika, na analala fofofo wakati ambapo kila mtu nyumbani anatakiwa kuamka.

Maisha haya yakifika wiki ya tatu au ya nne, ushauri huanza kumiminika bila kuombwa. Jirani anasema maziwa ya mama huyu ni mepesi. Shangazi anasema mtoto hashibi. Mwenye duka la dawa ana chupa ya kutuliza tumbo. Nyanya ya mtoto, susu kama aitwavyo Ukambani, anakumbuka kwamba baba yake huyu mtoto alionjeshwa uji akiwa na umri wa wiki sita, na tazameni alivyo pande la mtu! Baba mwenyewe, ambaye lazima awahi matatu ya saa kumi na moja alfajiri, anauliza kwa sauti ya chini kama hakuna dawa.

Dawa hakuna, na kwa mtoto wa miezi ya kwanza haitakiwi, kwa sababu hapana ugonjwa. Lililopo ni tumbo dogo, maziwa yanayosagika upesi, na mwili ambao bado haujajifunza kutofautisha usiku na mchana. Mama anaweza kuupanga usiku wake ili kuamka huko kusimmalize, na anaweza kumsaidia mtoto kurefusha usingizi polepole. Ila akijaribu kuununua usingizi kwa kijiko cha uji, yamkini atailipa bei kubwa kwa bidhaa ndogo sana.

Analala sana, ila vipande vipande

Watu husema mtoto mchanga halali. Ukweli ni kwamba analala kuwashinda watu wote nyumbani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo unaosema kwamba mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi katika saa 24, na yule wa miezi minne hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16, ukijumlisha na ule wa mchana. Taabu ni kwamba usingizi huo huja vipande vipande. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi 12 kwa siku nzima, na hesabu hiyo haiwezi kutimia bila usiku kuchukua sehemu yake.

Tumboni mwa mama hakukuwa na macheo wala machweo. Saa ya mwilini, ile inayotufanya sisi watu wazima tusinzie giza linapoingia, huanza kujipanga mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo, kumtaka mtoto ajue kwamba sasa ni usiku ni sawa na kumdai asome gazeti. (Ukambani usiku una heshima yake kwa watoto: mvulana aliyezaliwa gizani huitwa Mutuku, na msichana Nduku, na hakuna kijiji kisichokuwa nao. Lakini hata Mutuku hujifunza usiku taratibu kama wenzake.)

Maziwa ya mama nayo yana mchango katika somo hilo. Yale yanayotoka usiku huwa na melatonini, ile homoni inayoleta usingizi, ambayo mtoto bado hawezi kuitengeneza ya kumtosha. Homoni nyingine, prolaktini, inayouamuru mwili utengeneze maziwa, hupanda zaidi usiku mama anaponyonyesha. Kwa hiyo anayeruka manyonyesho ya usiku katika wiki za mwanzo, akidhani anayapumzisha maziwa ili yajae kufikia asubuhi, huenda akakuta yamepungua. Titi halifanani na tangi la maji linalojazwa usiku watu wakiwa wamelala. Maziwa huja kwa kunyonywa.

Kuna faida nyingine ambayo akina mama hawaambiwi vya kutosha. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, nchini Italia, walikubaliana kwamba kunyonyesha kunaweza kuzuia mimba kwa asilimia 98 ikiwa masharti matatu yametimia: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi ya mama haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, mchana na usiku, bila mapengo marefu. Wauguzi hufundisha kwamba pengo la mchana lisizidi saa nne na la usiku lisizidi saa sita. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha, na ni lazima mama atafute njia nyingine kliniki. Mama anayeshangilia kwamba mtoto wake wa miezi mitatu sasa analala toka jioni hadi asubuhi afahamu kwamba pamoja na usingizi huo, kinga yake huenda imeondoka.

Kokwet na Marekani

Fikira ya kwamba mtoto mwema ni yule anayelala usiku kucha ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Truby King wa New Zealand alifundisha kwamba mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne kwa kufuata saa ya ukutani, na usiku asipewe kitu. Mafundisho yake yalienea katika nchi nyingi zilizozungumza Kiingereza. Yalidai mtoto awe na chumba chake, kitanda chake, na mama asiyekuwa karibu kusikia kila mguno.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili kutoka Marekani, Charles Super na Sara Harkness, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis hapa Kenya, wakachunguza jinsi watoto wanavyokua. Waliona kwamba watoto wa Kokwet walilala ubavuni pa mama na kunyonya usiku kila walipotaka. Walipofika miezi minne, usingizi wao mrefu kabisa ulikuwa wa muda wa saa nne na nusu hivi mfululizo. Watoto wa Marekani wa umri huo huo walikuwa wamefikia yapata saa nane. Je, watoto wa Kokwet walikuwa wagonjwa? La hasha! Mama wa Kokwet hakuwa na haja ya kumzoeza mtoto kulala saa nane, kwa kuwa kuamka kwake hakukumgharimu sana. Aligeuka, akanyonyesha, akaendelea kusinzia. Asubuhi hakuwa na meneja wa kumsubiri langoni.

Na huko Magharibi kwenyewe si kila mtoto anayelala kama vitabu vinavyosema. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya watoto wa miezi sita hawakuwa wakilala hata saa sita mfululizo usiku. Wakiwa na mwaka mmoja, zaidi ya robo walikuwa bado. Wachunguzi hawakuona kwamba watoto hao walikuwa nyuma ya wenzao katika kukua kwa akili na viungo.

Kijiko cha uji

Sasa tuje kwenye uji, maana hapa ndipo nyumba nyingi hugombana. Hoja ya susu ni rahisi: tumbo likijaa kitu kizito, mtoto atalala. Inasikika kama akili timamu, na si susu wa Machakos peke yake anayeiamini. Madaktari wa Cleveland, Marekani, waliijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Walichukua watoto 106, baadhi wakaanza kupewa nafaka kabla ya kulala wakiwa na wiki tano, na wengine wakangojea hadi miezi minne. Usingizi wao haukuonyesha tofauti.

Kwa ajili ya haki, tuseme pia kwamba kuna utafiti mkubwa zaidi uliompa susu pointi chache. Ulifanywa Uingereza kwa watoto zaidi ya 1,300 na usingizi wao ukaelezwa katika ripoti ya mwaka 2018. Nusu ya watoto walionyonya walianzishiwa chakula tangu miezi mitatu, na wengine wakanyonya tu hadi miezi sita. Wale wa kwanza walilala zaidi, na tofauti ilipokuwa kubwa kabisa, wakiwa na miezi sita, ilikuwa kama dakika 16 kwa usiku mmoja.

Dakika 16! Ni muda wa kuchemsha chai. Na watoto hao waliishi katika nyumba zenye maji safi ya mfereji na friji. Hapa kwetu, katika kaunti ambako familia nyingi hununua maji kwa mtungi na hujui punda aliyateka wapi, kila kijiko na kila kikombe kinachoingia kinywani mwa mtoto wa miezi miwili ni mlango wa kuhara. Mtoto akishashibishwa uji hunyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua, na ile hofu ya kwamba maziwa hayatoshi inageuka kuwa kweli. Aidha, mtoto asiyeweza kuketi wala kushikilia shingo yake vyema hupaliwa kwa urahisi, hasa anapolishwa akiwa amelazwa.

WHO ilipendekeza mwaka 2001 kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Wakenya wamesikia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulikuta kwamba watoto walionyonya hivyo walikuwa asilimia 13 tu. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 61, na mwaka 2022 asilimia 60. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa kizazi kimoja, na ndiyo sababu susu na mke wa mwanawe huzungumza kama watu waliolelewa nchi mbili tofauti. Mama kijana asimfokee susu. Alipolea yeye, hata kliniki ilikuwa ikimwambia aanze uji akiwa na mtoto wa miezi minne. Amwonyeshe kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, aone mstari wa uzani unavyopanda. Mtoto ambaye uzani wake unapanda, anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na anayechangamka akiwa macho, hana njaa, hata akiamka mara nne usiku.

Kuhusu dawa za madukani, maneno ni machache. Baadhi ya zile za kutuliza tumbo zilikuwa na pombe hapo zamani, na si ajabu kwamba zilisifiwa kwa kulaza. Dawa za maji za mafua zinazoleta usingizi si za mtoto mchanga, na anayemnywesha ili alale anacheza na pumzi yake.

Kuupanga usiku

Mafunzo ya usiku huanzia mchana. Asubuhi mtoto atolewe nje penye mwanga, aongeleshwe, achezeshwe, anyonyeshwe watu wakizungumza na redio ikilia. Asizoezwe kimya cha mchana. Akilala mchana kwa zaidi ya saa mbili au tatu mfululizo, aamshwe anyonye, kwa kuwa titi alilolikosa mchana atalidai usiku. Hasa alasiri na jioni, anyonye mara kwa mara. Watoto wengi wenyewe hutaka hivyo, wakang'ang'ania titi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, na mama akadhani amekauka. Hajakauka. Mtoto anajiwekea akiba.

Usiku uwe kinyume chake. Taa isiwe kali, sauti iwe ya chini, na hapana mchezo. Mtoto akiguna, mama asubiri kidogo kabla ya kumnyanyua, kwa kuwa watoto hulia na kujinyosha usingizini kisha wakarudi kulala wenyewe. Kilio kikiendelea, amnyonyeshe titi moja mpaka aliachie, kisha ampe la pili. Anayesinzia baada ya kunyonya kidogo ataamka tena upesi. Akuneni nyayo, mbadilisheni upande, aendelee. Nepi ibadilishwe ikiwa ina choo au imelowa chepechepe, na vyema ibadilishwe kati ya titi la kwanza na la pili, ili mtoto amalizie kwa kunyonya na wala si kwa kuvuliwa nguo kwenye baridi. Apigwepige mgongoni abeue, alazwe.

Kuna hila moja ambayo haigharimu chochote. Mama akiwa anaenda kulala, tuseme saa nne, amnyanyue mtoto taratibu na kumnyonyesha akiwa nusu usingizini, bila kumwamsha kabisa. Kwa wengine kipande kirefu cha usingizi wa mtoto huanzia hapo na kuangukia pamoja na cha mama, badala ya kuanza saa moja jioni na kwisha mama anapojifunika blanketi. Kwa wengine haisaidii. Jaribu kwa wiki moja, kisha uamue.

Baba naye ana kazi. Hana titi, lakini ana mikono miwili, na mtoto halii kwa sababu ya njaa peke yake. Mama anaweza kunyonyesha saa mbili usiku, akalala papo hapo, na baba akakaa na mtoto sebuleni hadi saa tano akimbeba, kumbeulisha na kumbadilisha nepi. Saa hizo tatu za usingizi usiokatika humfanya mama awe mtu tena. Kwa baba aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa likizo ya wiki mbili mkewe anapojifungua. Haikutolewa ili akakutane na marafiki kuupongeza uzazi.

Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu, ndani ya chandarua, pasipo mito wala blanketi zito karibu na uso. Familia nyingi hapa hulala na mtoto kitanda kimoja, na kunyonyesha huwa rahisi. Lakini mama au baba aliyelewa, anayevuta sigara, au aliyekunywa dawa za kulevya usingizi asilale na mtoto, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati awekewe mahali pake karibu na kitanda. Mama asinyonyeshe usiku kwenye kochi ikiwa anasinzia, kwa kuwa mtoto huteleza kati ya mito akakosa hewa. Na katika baridi ya Juni na Julai, jiko la makaa lisilazwe chumbani hata kwa dakika kumi. Gesi yake haina harufu wala haibishi hodi, na kila mwaka wa baridi tunasoma habari za familia zisizoamka. Koroboi nayo, ukiweza, itolewe. Taa ndogo ya sola inatosha kuonyesha titi lilipo.

Mama arudipo kazini

Yote hayo hufanyika vizuri mpaka siku likizo inapokwisha. Sheria ile ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya uzazi kwa malipo kamili. Kliniki inamwambia anyonyeshe tu kwa miezi sita. Hesabu hii haijibu, na aliyeachiwa kuijibu ni mama mwenyewe. Mwuza nyanya wa soko la Marikiti hana hata hiyo mitatu, ingawa angalau anaweza kuja na mtoto mgongoni. Mfikirie basi mshonaji katika kiwanda cha nguo cha eneo la EPZ, Athi River. Anatoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi magharibi. Mtoto anabaki na yaya.

Jambo linalotokea hapo huwashtua wengi. Mtoto aliyekuwa ameanza kulala saa tano au sita mfululizo anageuka na kuamka kila baada ya saa mbili. Mchana anakunywa kidogo tu katika kikombe. Usiku ananyonya kama aliyefunga mwezi mzima. Watu husema amedeka, au maziwa yamekwisha, na uji unawekwa jikoni. Kumbe mtoto amehamisha mchana wake kuwa usiku. Anamngojea mwenye maziwa, na anakusanya deni. Mara nyingi yaya naye, akitaka utulivu afue nguo, humwacha alale toka saa saba hadi saa kumi na mbili jioni, na akiamka ana nguvu za kukesha.

Basi tuanzie kwa yaya. Aambiwe waziwazi, tena kwa adabu, kwamba mtoto asilale mchana kutwa, na apewe maziwa kila baada ya saa mbili au tatu. Maziwa hayo yakamuliwe na mama kwa mikono iliyooshwa, ndani ya chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Mahali pasipo joto kali hukaa muda wa saa nne, na kwenye joto la mchana la Athi River yatumiwe mapema zaidi. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Kwenye chombo cha baridi chenye barafu hukaa hadi saa 24. Asiye na friji anabanwa, tusimdanganye: maziwa aliyokamua saa kumi na moja alfajiri mwisho wake ni saa tatu asubuhi. Ndiyo maana kibarafu cha kununua kwa jirani mwenye friji si anasa. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo. Chupa ni ngumu kusafisha, na wengine wakiizoea hulikataa titi.

Mama anyonyeshe kabla ya kutoka, hata kama ni kumnyanyua mtoto akiwa amelala, na anyonyeshe mara tu aingiapo nyumbani, kabla ya sufuria na kabla ya wageni. Siku za mapumziko mtoto anyonye apendavyo. Kazini, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, na ampe mama mapumziko ya kazi hiyo yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Wanawake wengi hawajui kwamba kifungu hicho kipo. Wanakamulia chooni na kuyamwaga. Akienda mmoja kuuliza ataonekana msumbufu, lakini wakienda 20 pamoja na mwakilishi wao wa chama, swali huwa zito.

Baada ya miezi sita

Miezi sita ikitimia, uji una haki yake. Uji mzito wa wimbi, viazi vilivyopondwa, ndengu zilizoiva na kupondwa, yai, mboga, mara mbili au tatu kwa siku, na titi likiendelea. Mtoto anayekula vyema na kuongeza uzani anaweza sasa kupunguziwa manyonyesho ya usiku, moja kila baada ya siku kadhaa, huku baba akiwa ndiye anayekwenda kumbembeleza, maana mtoto akinusa maziwa hakubali kubembelezwa. Alazwe angali macho kidogo, ili akiamka usiku ajikute pale pale alipolala.

Wapo wanaofuata njia ya daktari Richard Ferber wa Marekani, aliyeandika mwaka 1985 kwamba mtoto aachwe alie kwa dakika zilizopimwa, zikiongezwa polepole, huku mzazi akiingia kumtuliza. Husaidia baadhi ya watoto wakubwa kidogo, na si haki kuiita ukatili. Lakini ilitungwa kwa nyumba yenye chumba cha mtoto. Katika chumba kimoja cha kupanga ambacho ukuta wake ni mabati na upande wa pili kuna askari aliyetoka zamu ya usiku, dakika kumi za kilio ni kesi kwa mwenye nyumba.

Mama mwenyewe asisahauliwe katika hesabu hii. Ikiwa wiki mbili baada ya kujifungua bado analia kila siku, hawezi kulala hata mtoto anapolala, au anahisi kwamba mtoto angekuwa salama bila yeye, huo si uchovu wa kawaida, na unatibika. Amwambie mwuguzi kliniki, au mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumbani.

Na yuko mtoto mmoja ambaye usingizi wake mrefu usifurahiwe. Ni yule wa siku za kwanza, hasa aliyezaliwa mdogo au kabla ya wakati, au mwenye macho na ngozi ya manjano, anayelala zaidi ya saa nne bila kuitisha titi. Huyo haachwi eti ni mpole. Mama amfunue, amvue soksi, ampanguse uso kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, amkamulie matone midomoni. Akikataa kunyonya, akiwa mlegevu, ana joto jingi au amepoa, au anapumua kwa shida, watu wasingojee kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa bodaboda, akiwa amegusana ngozi kwa ngozi na mama chini ya leso.